Kutu inatibu kansa kweli?

SWALI: Dokta shikamoo, mjomba ana kansa ya ubongo sasa kuna kijana hapa mtaani anasema Ujerumani wanadunga unga wa chuma kichwani halafu wanaupasha moto kwa sumaku, hivi ni kweli au ananipiga fiksi?

JIBU: Marahaba. Hajakudanganya sana. Ni chembe za oksidi ya chuma, ndugu wa kutu ya bati lako, ila ndogo mno huzioni, zinadungwa ndani ya uvimbe kisha mgonjwa anaingizwa kwenye mashine ambayo sumaku yake inageuka geuka kama mara 100,000 kwa sekunde, chembe zinapata moto, uvimbe ukifika nyuzi 43 hivi seli za kansa zinalegea na mionzi inazimaliza kirahisi. Ulaya waliipitisha 2010 kwa uvimbe wa ubongo. Ila sio soda baridi, mwenye meno yaliyozibwa kwa chuma anatolewa chuma hicho kwanza!

Ile ya kuzibebesha chembe dawa ya kansa kama doksorubisini, joto liifungulie palepale kwenye uvimbe, naipenda sana lakini bado zaidi ni ya maabara na panya. Mjomba asisimamishe matibabu yake akiisubiri.