Dada, Dawa ya Kupevusha Mayai Si Dhambi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba daktari amempa klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, lakini ameificha kabatini, hajaigusa. Mama mmoja wa parokia yake kamwambia Mkatoliki akimeza dawa za uzazi anamlazimisha Mungu. Moyo ulinienda mbio, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nje ya kanisa, Misa imetoka kuisha, na aliyeniambia alikuwa amempakata mjukuu wake. Sijayasahau.

Dada yangu, meza dawa yako. Waraka wa Vatikani uitwao Dignitas Personae, wa mwaka 2008, namba 13, unataja waziwazi matibabu ya homoni kwa wasiopata watoto, upasuaji wa endometriosisi (tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake) na kuzibua mirija ya uzazi, na unasema ni halali. Dawa inaondoa kizuizi tu; mtoto anapatikana kwa tendo la ndoa la mume na mke. Kinachokataliwa, na waraka mwingine wa Vatikani, Donum Vitae wa 1987, ulishalieleza hilo, ni kuliweka tendo hilo kando: yai na mbegu kukutanishwa maabara, viinitete vingine vikagandishwa au kutupwa, au mbegu za mtu mwingine kuingizwa katika ndoa yenu.

Mimi mayai yangu yalikuwa hayapevuki. Klomifeni huufanya ubongo udhani homoni ya kike, estrojeni, imepungua, nao hutoa homoni zaidi za kuamsha ovari. Nakumbuka nimelala kwenye kile kitanda chembamba cha altrasaundi, daktari anasogeza alama kwenye skrini kupima kifuko kimoja cheusi cha yai: milimita 19. Mume wangu alikuwa amenishika kidole gumba cha mguu, ndicho alichoweza kukifikia. Nilisali Salamu Maria palepale, kimoyomoyo. Sikuona kwamba namlazimisha Mungu. Nilijiona mgonjwa anayetibiwa. Miezi iliyofuata siisimulii. Binti yetu leo anajua kufanya ishara ya msalaba.

Ila halali haina maana ya kumeza kiholela. Msiinunue dawa hii bila daktari, na mwombe apime kwa altrasaundi mayai mangapi yanapevuka. Kati ya mimba 100 za klomifeni, 5 hadi 10 hivi huwa za mapacha, na sindano za homoni huongeza hatari ya watatu au zaidi. Hapo ndipo baadhi ya madaktari hupendekeza "kupunguza mimba". Huko ni kumtoa mtoto ili mwenzake abaki, na Mkatoliki hawezi kukubali. Kwa hiyo zungumzeni kabla: vifuko vikizidi, mwezi huo mjizuie. Sisi tuliwahi kujizuia, nikalia, lakini tulijizuia.

Mume naye apimwe. Wengi hukwama hapa kwa sababu kutoa mbegu kwa kujichua hakuruhusiwi. Wanateolojia wengi wa maadili hukubali mbegu zikusanywe katika tendo la ndoa, kwa kondomu maalumu iliyotobolewa. Muulizeni daktari bila haya, na padre pia.

Halafu kuna jambo ambalo natamani yule mama angelijua. Pergonal, moja ya dawa za mwanzo za kuamsha ovari, ilitengenezwa kutokana na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, na waliojitolea mkojo huo nchini Italia walikuwa masista wazee katika nyumba zao za kitawa. Mtoto wa kwanza wa dawa hiyo alizaliwa Israeli mwaka 1962. Watawa waliojinyima watoto kwa ajili ya Mungu waliwasaidia wengine kuwapata!

Mtoto ni zawadi, si haki ya mtu. Katekisimu inasema hivyo namba 2378, na mimi naamini hivyo, kwa sababu wapo niliotibiwa nao ambao hawajapata mpaka leo na imani yao inaizidi yangu. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 2375, inahimiza utafiti wa kupunguza utasa. Basi nanyi mnaowasimamisha wanawake nje ya kanisa kuwahukumu, someni namba hizo mbili kwanza, kisha mkawaombe radhi wale mliokwisha kuwaliza.