Kupasua mbao kutoka tawi la mwembe

SWALI: Tawi kubwa la mwembe wetu hapa Mikindani limekatwa kwa kuwa lilikuwa likielemea paa. Unene wake unakaribia futi moja. Nataka kulipasua nipate mbao za vigoda, lakini mbao za tawi nililowahi kupasua zilipinda na kupasuka. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tawi hilo linafaa, ila usilichukulie kama shina dogo. Katika miti ya majani mapana kama mwembe, upande wa juu wa tawi lililolala ndio unaolivuta lisiiname, na mbao za upande huo, zinapokauka, hunywea kwa urefu kuliko mbao za kawaida. Ukitazama mahali lilipokatwa, mara nyingi utaona kiini hakiko katikati, kimesogea chini. Na ukipiga randa mbao za upande wa juu, nyuzi huchomoza kama sufi.

Kwa hiyo tia alama ya chaki upande uliokuwa juu kabla gogo halijaviringishwa. Mwambie mpasuaji apitishe msumeno wa kwanza kwenye kiini ili nusu ya juu itengane na ya chini, kwani ubao unaobeba pande zote mbili ndio unaopinda zaidi. Za chini zifanye miguu na vikalio, za juu vipande vifupi. Kiini chenyewe kitolewe kabisa: mti hunywea kufuata mzunguko wa pete za ukuaji karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye gome, ndiyo maana ubao wenye kiini hupasuka.

Siku hiyo hiyo ya kukata, paka ncha rangi nzito ya mafuta au nta, kwa sababu maji hutoka nchani haraka sana kuliko ubavuni, na uache ziada ya nusu futi kila ncha. Bandua gome mapema na usilaze gogo ardhini. Mwembe haukawii kuingiwa na bungua, wadudu watoboao mbao, na ukungu wa bluu. Utomvu wake huwasha ngozi, basi vaa glavu.

Panga mbao kivulini juu ya matofali, ukitenganisha kila safu kwa fito kavu za inchi moja zilizonyooka wima juu ya nyingine, kisha weka mawe juu. Kipindi cha upepo wa kusi kinasaidia. Wakati wa mvua, hewa ya pwani yetu hukausha polepole mno. Ubao wa inchi moja huhitaji miezi kadhaa. Upime mmoja kwa mizani kila wiki, na usipige randa mpaka uzito uache kupungua.