Maswali kwa Fundi: Kadi ya gemu iliyofungiwa kabatini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina chumba kidogo cha gemu hapa Maweni, Malindi, vijana hulipa kwa nusu saa. Kompyuta ni ya mtumba, ilikuwa ya ofisini Uingereza: Core i5-4590, RAM gigabaiti 8, pawasaplai imeandikwa wati 290. Nimenunua kadi ya grafiki, GeForce GTX 1660 Super, iliyotumika kutoka Mombasa. Pawasaplai haikuwa na waya wa kadi, muuzaji akanipa adapta ya kuchomeka kwenye waya za SATA, zile za umeme wa diski. Kompyuta nimeifungia ndani ya kabati la mbao watoto wasiichokoe. Usiku inakwenda vizuri. Alasiri, kwenye gemu ya GTA V, picha zinasitasita, na mara nyingine inajizima ghafla na kujiwasha. Nimeona video ya jamaa amepandisha mwendo wa kadi kama yangu juu ya ule wa kiwandani, megahezi +150 kwenye chipu na +1000 kwenye memori, akapata fremu (picha kwa sekunde) zaidi. Na mimi nifanye hivyo? Msomaji, Maweni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usipandishe chochote kwa sasa. Umenieleza magonjwa mawili tofauti, na kuipandisha kadi kutayazidisha yote mawili.

Tuanze na hilo la kujizima, kwa sababu ndilo linaloweza kukuunguzia chumba. Kadi ikipata joto kupita kiasi, kwanza hupunguza mwendo yenyewe ili kujiokoa. Kadi ikipandishwa kuliko inavyoweza, kwa kawaida draiva, ile programu inayoiendesha kadi, huanguka au gemu hujifunga, lakini Windows hubaki. Kompyuta nzima ikizima kama mtu amechomoa waya, mimi hushuka moja kwa moja kwenye umeme. Hesabu ni hii: 1660 Super hula kama wati 125. Sloti ya ubaoni imeruhusiwa kutoa hadi 75. Zinazobaki zinapita kwenye adapta yako, na plagi moja ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12. Prosesa yako nayo imepimwa wati 84. Tena kadi haivuti umeme sawasawa. Katika kipande kidogo cha sekunde inaweza kuruka juu ya kiwango chake, na pawasaplai ndogo ikajilinda kwa kukata. Nimewahi kuzitoa plagi za namna hiyo zikiwa zimeyeyukia ndani. Itoe hiyo adapta leo, na mpaka upate pawasaplai nyingine chomoa kadi, utumie grafiki ya prosesa.

Tafuta pawasaplai ya wati 450 au 500 ya kampuni inayojulikana, yenye waya wake wa pini 8 wa kadi. Kabla hujatoa pesa, fungua kompyuta uhesabu pini za plagi kubwa inayoingia ubaoni. Kompyuta nyingi za ofisini hazina ile ya kawaida ya pini 24. Utakuta 8, au 6. Hapo utahitaji waya wa kugeuza uliotengenezwa kwa modeli yako hasa. Pima pia kama boksi lako litaimeza pawasaplai ya kawaida.

Sasa kabati. Jamaa wa kwenye video huenda amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Malindi mwezi wa Machi, saa nane mchana, ndani ya chumba chenye vijana na skrini, 32 si ajabu. Feni haina uwezo wa kuipoza kadi chini ya hewa inayoivuta, kwa hivyo nyuzi 12 zinazozidi chumbani utaziona karibu zote kwenye kadi. Na wewe hewa yako ni ya kabatini, ileile imetoka nyuma ya kompyuta ikiwa moto ikarudi mbele. Ndiyo maana usiku mambo ni shwari na alasiri yanaharibika. Mwite seremala aondoe ubao wote wa nyuma wa kabati na kuweka wavu mbele. Kufuli libaki, na watoto bado hawataifikia.

Kisha safisha kadi, na hapa naomba uwe na subira. Sisi wa pwani hatupambani na vumbi peke yake. Kadi zinazonijia kutoka nyumba za ufuoni huwa na unga ulioshikamana na unyevu wa chumvi kwenye mapezi ya alumini, na skrubu zimeota kutu. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, pulizia, fuata na brashi laini. Palipong'ang'ania tumia spiriti ya isopropili, si maji wala mafuta taa. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu, kama ni ileile ya kiwandani, imekauka; kadi hii ilitoka Oktoba 2019. Ifute, weka mpya kiasi cha punje ya choroko mbili hivi katikati, na uangalie vipande laini vilivyokaa juu ya chipu za memori visichanike.

Baada ya hapo ndipo upime, na upime kadi ikiwa kama ilivyotoka dukani. Nakuomba sana hatua hii usiiruke, maana bila namba za mwanzo hutajua kama ulichofanya kimesaidia. Pakua MSI Afterburner, programu ya bure ya kutazama na kurekebisha kadi, na Unigine Heaven, ya kuipima kadi kwa kuipa kazi nzito. Heaven ni ya mwaka 2009 lakini inaipa kazi ya kutosha kadi ya daraja hili na huzunguka mpaka uizime mwenyewe. Iache nusu saa, saa nane mchana, kabati limefungwa, kama inavyokuwa siku ya biashara. Andika kwenye daftari: joto la juu kabisa, mwendo wa chipu kwa megahezi, kasi ya feni, na alama unazopata ukibonyeza F9. Programu nyingine ya kupima, FurMark, sikushauri. Ile huilazimisha kadi kula umeme kuliko gemu yoyote utakayocheza.

Halafu fungua GTA V yenyewe, uwashe ile orodha ndogo ya namba ya Afterburner pembeni ya skrini, utazame asilimia ya matumizi ya kadi. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Kama picha zinasita huku kadi inafanya kazi asilimia 60 tu, kadi inamsubiri prosesa, na hata uipandishe mpaka ilie hutapata fremu hata moja. Prosesa yako ina viini vinne na ni ya mwaka 2014. Angalia pia kama hiyo RAM ni kipande kimoja. Kuongeza kipande cha pili kinachofanana nacho huifungulia prosesa njia mbili za memori, na kwa kompyuta kama yako ningeweka pesa hapo kabla ya kugusa kadi.

Kama kadi iko asilimia 97 na kuendelea, basi yenyewe ndiyo inayobana, na kuna la kufanya. Ila kwa Malindi mimi huanza kwa kushusha volti. Umeme unaoliwa na chipu hufuata volti kwa kipeo cha pili: ukitoka milivolti 1000 hadi 900 kwa mwendo uleule, matumizi ya chipu yanashuka karibu asilimia 19, na joto linashuka nayo. Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl na F, mstari utatokea. Shika nukta ya milivolti 900, ipandishe hadi megahezi 1800, zote za kulia kwake zilaze usawa huo, uthibitishe. Heaven ikianguka, nenda 925. Kiwandani kadi hii iliandikwa 1785, na ikiwa baridi hupita hapo yenyewe. Lakini kwenye joto lako inashuka kidogo kidogo, na ni ule mwendo unaopanda na kushuka unaoudhi macho. Mimi napenda 1800 isiyotikisika kuliko 1950 ya dakika mbili.

Ukitaka bado kupandisha, anza na memori, kwa sababu kadi hii hunufaika nayo na haiongezi joto sana. Nenda kwa hatua za 100, kila hatua upime. Usingoje madoa ya rangi kwenye skrini ndipo usimame: alama zikianza kushuka badala ya kupanda, umeshapita kikomo, rudi nyuma hatua mbili. Chipu nayo ipande 15 kwa 15. +150 ya yule jamaa ni ya kadi yake. Kadi mbili za boksi moja hazilingani uwezo. Na faida yenyewe ni ndogo: palipokuwa na fremu 60 utaona 63, pengine 65.

Afterburner ina nafasi tano za kuhifadhi mipangilio. Nafasi ya kwanza weka ya kaskazi, uliyoipima kwenye joto. Ya pili weka ya kusi, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa imepoa. Usiwashe mpangilio wa kusi mwezi wa Februari.

SWALI: Fundi, niko Langoni, Lamu. Nauziwa kadi ya grafiki ya RX 580 ya gigabaiti 8 kwa bei rahisi sana. Naambiwa ilikuwa ikichimba sarafu za mtandaoni. Ninunue? Msomaji, Lamu.

JIBU: Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, ndiyo maana kadi hizi zimejaa sokoni. Kuchimba peke yake hakuui chipu. Kinachochoka ni feni, na wachimbaji wengi walibadilisha programu ya ndani ya kadi, ile BIOS, ili memori iende tofauti. Kwenye gemu hiyo huleta kukwama. Mwambie muuzaji aifungue GPU-Z, programu inayoonyesha sifa za kadi, mbele yako. RX 580 kamili ina viini 2304. Ukiona 2048, hiyo ni ile dhaifu inayouzwa kwa jina lilelile, na bei yake ishuke. Angalia kama ubavuni ina swichi ndogo ya BIOS mbili; mara nyingi ya asili bado imo upande wa pili. Inakula wati 185, kwa hivyo kama nyumba yako inategemea sola na inveta ndogo, chukua RX 6600, inayokula 132 na kuizidi mbali.