Modeli za magari ya rali: ujue kwanza gari ni la kundi gani

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: uanze na modeli ipi (gari dogo la plastiki la kuunganisha) ya gari la rali ya kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi, na haya maneno Kundi A, Kundi B na WRC (World Rally Car) yanayoandikwa kwenye maboksi yana maana gani. Waliotangulia wamekujibu la kwanza, la pili wameliruka. Kwangu mimi hilo ni swali moja. Ukijua gari lilijengwa chini ya kanuni zipi, utajua kwa nini madigadi yametuna vile, kwa nini boneti ina matundu, kwa nini taa zimekaa mahali pasipo pa kawaida. Hapo unaunganisha ukijua unachokifanya, hufuati tu namba za kwenye karatasi ya maelekezo.

Mwaka 1982 FISA, waliokuwa wakisimamia mbio za magari duniani, waliondoa makundi ya zamani ya namba wakaleta ya herufi. Kundi N ni gari la dukani karibu kama lilivyo. Kundi A ni gari la dukani lililofanyiwa marekebisho, kwa sharti kiwanda kiwe kimetengeneza magari 5,000 ya aina hiyo ndani ya miezi 12. Mwaka 1993 sharti likashushwa hadi 2,500. Kundi B lilitaka magari 200 tu, na baada ya hapo kiwanda kiliruhusiwa kutoa mengine 20 yaliyoboreshwa zaidi, ndiyo yanayoitwa evolusheni. Sasa fikiria tofauti ya namba hizo. Ukitakiwa kutengeneza 5,000, huna budi kuunda kitu ambacho mwalimu au daktari atakinunua na kwenda nacho kazini. Ukitakiwa 200, unaunda gari la mashindano, unalifungia taa na plate namba, na kiwanda kimetimiza sharti.

Kulikuwa na kanuni nyingine ambayo wapenzi wa modeli wengi hawaizungumzii, nayo ndiyo naipenda kuliko zote. Ujazo wa injini yenye turbo ulizidishwa kwa 1.4, na jibu ndilo lililoamua gari liingie daraja gani na lisipungue uzito gani. Lancia Delta S4 ilikuwa na sentimita za ujazo 1,759. Zidisha, unapata kama 2,463, chini kidogo ya mpaka wa 2,500, na daraja hilo liliruhusu gari la kilo 890. Audi Quattro ya mwanzo ilikuwa na 2,144. Zidisha: 3,001.6. Imeuvuka mpaka wa 3,000 kwa chini ya sentimita mbili za ujazo, ikatupwa kwenye daraja la magari mazito. Audi wakaipunguza injini hadi 2,109 ili warudi chini ya mstari. Ukishalijua hilo, ujazo ulioandikwa pembeni ya boksi unaanza kukueleza mengi.

Kwa hiyo uwe makini dukani. Kuna boksi limeandikwa Lancia Delta S4 na kuna boksi limeandikwa Lancia Delta Integrale au Super Delta, na mgeni atadhani ni gari moja la miaka tofauti. Sivyo kabisa. S4 ni Kundi B: injini iko nyuma ya viti, chini kuna fremu ya mabomba, na bodi ya juu imefananishwa na Delta ya dukani kwa sura tu. Integrale ni Kundi A: injini mbele, milango mitano, ni gari ambalo familia ya Italia ilipakia watoto na mizigo. Modeli za magari hayo mawili zinaunganishwa kwa mpangilio tofauti na ugumu wake haufanani.

Kundi B halikudumu. Machi 1986 huko Ureno gari liliacha njia likaingia katikati ya watazamaji na watu wakafa. Mei mwaka huohuo Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifariki Corsica ndani ya S4. FISA wakalifuta kundi hilo kuanzia 1987, na Kundi A likawa ndilo la juu.

Na hapo ndipo ninapokushauri uanzie: Kundi A. Sababu yangu ni ya vitendo. Kwa kuwa viwanda vililazimishwa kuuza magari hayo kwa maelfu, ndugu zake tunao barabarani. Impreza WRX na Lancer Evolution zilianza kuuzwa 1992 kwa sababu Subaru na Mitsubishi walihitaji kitu cha kukipeleka kwenye rali, na zile za mitumba kutoka Japani zimejaa Nairobi, na Dar na Arusha hazikosekani. Kabla hujafungua boksi la Impreza, nenda ukamwombe mwenye gari upige picha. Angalia mpira wa mlango unavyokutana na kioo, angalia nafasi kati ya boneti na madigadi, angalia rangi ya ndani ya tundu la hewa la boneti (ni nyeusi isiyong'aa, wengi wanaiacha na rangi ya bodi na modeli inaonekana mwanasesere). Hakuna picha ya mtandaoni itakayokupa hayo kama gari lenyewe. Gari la Kundi B utalionea wapi huku?

WRC kama daraja ilikuja 1997, kiwanda kikaruhusiwa kuweka turbo na kuendesha tairi zote nne kwenye gari la rali bila kulazimika kuuza la namna hiyo mtaani. Mitsubishi waling'ang'ania Kundi A kwa miaka kadhaa zaidi, na dereva Tommi Mäkinen alishinda Rali ya Safari ya 2001, ile ya Kenya, kwa Lancer la Kundi A. Tangu 2022 daraja la juu linaitwa Rally1. Kwa anayeanza, haya ya baadaye yaache kwanza: mabawa na vipande vidogovidogo ni vingi mno.

Halafu kuna Safari yenyewe, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndiyo inayonifanya nishike hizi modeli.

Ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ikaingia kwenye ubingwa wa dunia 1973, ikatoka baada ya 2002, ikarudi 2021 pale Naivasha. Kabla ya kutoka ilikuwa inakimbizwa kwenye barabara za kawaida zisizofungwa, zenye malori, mabasi, ng'ombe na swala. Ndiyo maana magari ya Safari yanavaa ngao ya mabomba mbele, yameinuliwa juu, na mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yana taa juu ya madigadi, zinazowaka mchana ili aliye mbele aone kwamba kuna mtu anakuja ndani ya vumbi. Baadaye ikaja snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini juu) pembeni ya kioo cha mbele kwa ajili ya kuvuka maji. Vitu hivyo vyote vilifungwa kwa sababu.

Na Safari ilikuwa na tabia yake ya kuwaumbua wakubwa. Peugeot 205 T16 ilichukua ubingwa wa dunia 1985 na 1986, ina injini katikati na inaendesha tairi zote nne, lakini Safari haikushinda. Lancia mwaka 1986 walileta 037 ya zamani, S4 wakaiacha nyumbani. Aliyeshinda 1984, 1985 na 1986 ni Toyota Celica Twincam Turbo: Kundi B ndiyo, lakini injini mbele, inasukuma tairi za nyuma, sentimita za ujazo 2,090 (zidisha kwa 1.4 uone inavyokaa chini ya 3,000). Björn Waldegård alishinda mara mbili, na katikati yake Juha Kankkunen akapata ushindi wake wa kwanza wa rali ya dunia. Gari la kwanza la tairi zote nne kushinda Safari lilikuja 1987, Audi 200 quattro ya Hannu Mikkola, nalo ni la Kundi A.

Kampuni ya modeli ya Beemax wametoa Celica hiyo ya Safari ya 1985 kwa 1/24, na ndiyo gari pekee la Kundi B ninaloweza kumpa mtu kwa modeli yake ya pili. Hasegawa, kampuni nyingine ya modeli, nao wametoa Datsun 240Z ya Safari ya 1971, aliyoshinda nayo Edgar Herrmann. Ukitaka ya kwanza kabisa iwe rahisi na yenye kutulia mkononi, chukua Celica GT-Four ya kampuni ya Tamiya. Ile imetolewa katika sura ya rali ya Monte-Carlo 1993, sio Safari, lakini vipande vya Tamiya vinakutana vizuri na hutapigana na plastiki huku bado unajifunza rangi.

Sasa kazi yenyewe. Kumbuka kila kitu unazidisha kwa 24. Rangi ikiwa nene kwa nusu milimita, kwenye gari halisi hiyo ni milimita 12, unene wa ubao. Kwa hiyo koti nyembamba, subiri, koti nyembamba. Usitumie tina ya gereji moja kwa moja juu ya plastiki, nyingi zinaiyeyusha. Pima kwanza kwenye fremu inayobaki baada ya kukata vipande, ukiona inanata au inakunjamana, achana nayo. Praima (rangi ya msingi) ya modeli inakulinda kwa kiasi, lakini jaribio la fremu usiliruke. Ukiwa pwani, Dar, Tanga au Mombasa, usipulize rangi za laka asubuhi yenye unyevu au mvua ikiwa inakaribia, maana zinashika ukungu mweupe. Ngoja jua lipande na hewa ikauke. Kompresa si lazima uagize: mafundi friji wengi watakufungia ya friji kuukuu, mradi uweke kichujio cha maji na geji ya kupunguza presha, ufanye kazi kwenye 15 hadi 20 psi.

Taa za kwenye madigadi: toboa matundu kutoka ndani kabla ya rangi, sio baada. Vioo vya taa usivigandishe na supa gluu, mvuke wake unaacha ukungu kwenye plastiki angavu. Tumia gundi nyeupe ya maji, ikikauka haionekani. Ngao ya mabomba huwa na mstari wa kiwandani unaozunguka kila bomba. Ukwangue kwa mgongo wa wembe, kisha msasa wa 400, kisha 800. Ukiuacha mstari huo, hata upake rangi nzuri namna gani, jicho litaenda palepale. Vizuia matope vya nyuma vya plastiki nene vitupe, kata vipya kwenye jalada la plastiki la faili. Unene wake unakaribia milimita 0.2, na hiyo kwenye gari halisi ni kama milimita tano, ndivyo inavyotakiwa.

Stika za kuloweka majini zikiwa zimegeuka njano kwa kukaa boksini, zifunge kwenye mfuko angavu, uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua. Jua letu linazirudisha nyeupe. Zikagomea kwenye kona, Micro Sol, dawa ya kulainishia stika, itazilainisha, ila ukishaipaka usiziguse mpaka zikauke.

Mwisho ni vumbi, ambalo kwa gari la Safari ni sehemu ya rangi. Usimwagie udongo wa uani: punje ya nusu milimita inakuwa kokoto ya milimita 12 iliyoganda mlangoni. Saga chaki laini za kuchorea kwenye msasa upate unga. Rangi ya vumbi itokane na njia ya gari lako. Naivasha ni vumbi jepesi la kijivu lenye weupe, la volkano. Taita ni jekundu.  Kabla ya kulipaka vumbi hilo, kata tepu kwa umbo la njia ya waipa uibandike kwenye kioo cha mbele, ukiibandua utaona upinde msafi ambao dereva alikuwa anachungulia. Weka vumbi jingi zaidi nyuma, maana hewa inayojivuta nyuma ya gari ndiyo inayolibandika kwenye buti na taa, kisha ulipunguze kadiri unavyosogea mbele. Vioo vya taa za mbele vifute, timu zilikuwa zinavisafisha kila kituo.

Ukishapata boksi, kabla hujakata chochote, piga picha za fremu zote na karatasi ya stika uziweke hapa, useme na gari ni la rali ipi na mwaka gani. Nitakuonyesha vipande vya kupakwa rangi vikiwa bado kwenye fremu, na vile vya kusubiri mpaka bodi ikauke.