Nimonia imepona, mbona homa imerudi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mjomba wangu alitibiwa nimonia, akamaliza dawa. Baada ya siku kumi homa ikarudi, na sasa halali bila mito mitatu. Hospitalini wamesema bakteria wa nimonia wameingia kwenye vali ya moyo, atachomwa sindano wiki nne. Hakuna vidonge? Na watoto nyumbani hawataambukizwa? — Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Hiyo mito mitatu yatutia wasiwasi kuliko homa. Vali, yaani kijilango cha moyo, ikilika, damu hurudi nyuma, maji hujaa mapafuni, na mgonjwa akilala chali hukosa pumzi. Ni nadra bakteria huyu, nimokoki, kufika moyoni, ila akifika hushambulia zaidi vali ya aota (mshipa mkuu utoao damu moyoni) na aweza kuiharibu kwa siku chache. Kwa hiyo ulizeni mapema kama atahitaji kubadilishiwa vali. Upasuaji haungoji sindano ziishe.

Vidonge pekee havifai kuanza navyo. Juu ya vali huota kinundu cha bakteria na damu iliyoganda, kisicho na mishipa, hivyo dawa hukipenya kwa shida. Hutumika penisilini, au seftriaksoni ya mshipani gramu 2 kwa siku. Maambukizi yakifika kwenye utando wa ubongo huwa gramu 2 kila saa 12, basi shingo ikikakamaa au akianza kuweweseka, mwiteni nesi papo hapo. Wiki nne zahesabiwa tangu damu iliyooteshwa maabara kutafuta bakteria ilipokosa kuota kitu, si tangu kulazwa. Homa ikishuka mapema msiombe ruhusa ya kwenda nyumbani: vali yaweza kupasuka hata homa imekwisha, na kutoka Likoni kuna feri ya kuvuka kwanza kabla ya kufika hospitalini.

Je, alimeza amoksilini ya duka la dawa kabla ya kutolewa damu ya kuotesha? Semeni, maana vidonge vichache tu vyaweza kumficha bakteria. Kama anakunywa mnazi sana, ana kisukari au VVU, au alitolewa bandama, hayo pia yasifichwe.

Ugonjwa wa vali hauambukizi. Bakteria mwenyewe ndiye huenezwa kwa kikohozi na mate, na watoto wengi humbeba puani bila kuugua. Tazameni kadi zao za kliniki: chanjo ya nimokoki, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, hudungwa wiki ya 6, 10 na 14. Mjomba naye aulizie chanjo ya watu wazima akipona. Na siku akienda kung'oa jino, amweleze daktari wa meno kwanza. Hupewa amoksilini gramu 2 dakika 30 hadi 60 kabla, isipokuwa penisilini humdhuru.