Picha umepiga wewe, lakini ni ya nani?

Wapiga picha wanaoanza kazi huniletea swali moja: mteja ametumia picha yangu bila kuniuliza, nimshtaki? Mimi huwauliza kwanza: ilikuwa ya kuagizwa?

Nauliza kwa sababu somo hili nililipia. Mwenye mkahawa mmoja hapa Mombasa aliniita nimpigie picha za biriani, samaki wa kupaka na sharubati ya ukwaju. Mapatano yetu yote yalikuwa jumbe mbili za WhatsApp: "Njoo kesho saa nne," na mimi, "Sawa, nitumie nusu." Mwaka uliofuata nikamwona samaki wangu, na kile kipande cha ndimu nilichokipanga kwa mkono wangu, ubavuni mwa lori la kampuni ya viungo. Mwenye mkahawa alikuwa amewauzia. Nikaenda kwa wakili nikiwa nawaka. Akafungua Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31: kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Sisi hatukuwa tumekubaliana chochote zaidi ya saa nne.

Wengi hudhani anayebonyeza ndiye mwenye picha, maana ndivyo wanavyosikia kwenye video za wapiga picha wa Uingereza. Kwao ni kweli, tangu sheria yao ya 1988. Hapa, zako bila ubishi ni zile ulizopiga kwa hiari yako, hujatumwa na mteja wala mwajiri. Hizo hata usiposajili ni zako.

Siku hizi chini ya kotesheni yangu, ile karatasi ya bei ninayompa mteja kabla ya kazi, kuna maneno haya, na sibebi kamera kabla hayajatiwa saini: "Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha; mteja anaruhusiwa kutumia picha kwenye menyu na kurasa zake za mitandao kwa miezi 12." Wapo wanaokunja uso. Anayetaka zote ziwe zake nampa, ila bei inapanda. Na akikwambia "sisi ni ndugu, karatasi za nini," mpe kalamu.

Hakimiliki ikishakwenda, kifungu cha 32 bado kinakuachia haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yako. Niliidai. Wakaandika jina langu juu ya gurudumu la nyuma, kwa herufi ndogo, na mvua ya kwanza ikalifunika tope.