Kijana anayejua lakini haanzi

Dada, umesema mwanao wa miaka 16 anafanya vizuri darasani, lakini nyumbani hagusi daftari mpaka asukumwe, na akikwama kwenye hesabu anafunga kitabu. Nimefundisha sekondari muda mrefu, wa namna hiyo nimewaona wengi. Usimwite mvivu kwanza.

Kupanga, kuanza jambo bila kuambiwa na kubadili njia pale ya kwanza inapogoma hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso. Nayo huchelewa kukomaa, mpaka miaka ishirini na kitu. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, mlipuko kwenye ujenzi wa reli ulirusha mtaimbo ukapenya kichwa cha msimamizi Phineas Gage na kuharibu eneo hilo. Alipona, akaongea na kutembea kama kawaida, ila kulingana na daktari wake akawa mtu wa kupanga hili na lile, kisha kuyaacha papo hapo.

Kwa hiyo "Kasome!" peke yake haimfikishi mbali. Apange mwenyewe, tena kwa udogo: "Nikimaliza kuosha vyombo, nakaa mezani, nafungua swali la 3." Akikwama usimpe jibu, muulize amejaribu nini, na hatua aziandike, maana kichwa hakibebi mengi kwa mpigo. Simu ikae chumba kingine, hata akinuna. Halafu usingizi: kama saa saba usiku bado yuko macho, asubuhi utamdai umakini wa wapi?